Chumba cha Tarehe Tisa

Nusu saa kabla ya kengele ya asubuhi, Mwalimu wa kompyuta alikuwa keshafungua chumba chake, keshapangusa meza, na keshaanza kupita mashine moja baada ya nyingine akizirudisha nyuma. Zilikuwa kumi na mbili. Kila moja aliiwasha, akaisubiri ikohoe na kujikokota mpaka ipate fahamu, akafungua kile kisaa kilichoko pembeni mwa skrini, akaandika tarehe tisa mwezi wa pili. Huko nje watu walikuwa wameshafika mwezi wa tisa. Ndani ya chumba kile ilikuwa tarehe tisa mwezi wa pili, kama jana na juzi, na kama itakavyokuwa kesho, Mungu akipenda na umeme usipokatika.

Kazi hii hakuifanya kwa mapenzi. Aliifanya kwa dharau, na dharau ilimtosha kumwamsha mapema kila siku. Alimdharau aliyeileta programu, akamdharau aliyeipokea, na programu yenyewe aliidharau kuliko wote wawili.

Ililetwa na kijana wa kampuni, mwenye viatu vinavyong'aa na tai nyekundu, na kwa kuwa Mwalimu hakujisumbua kulishika jina lake, alibaki kuwa Tai Nyekundu mpaka leo. Alisimama katika chumba cha walimu na kompyuta yake ya mkononi, akawaonyesha jinsi watoto watakavyojifunza kuipa kompyuta maagizo kwa njia ya katuni. Pembeni mwa skrini kulikuwa na matofali ya rangi, kila tofali na agizo lake: piga hatua, geuka, ngoja, inua bawa. Mtoto analiburuta tofali, analipachika chini ya jingine, kisha anabonyeza, na kuku mwenye kofia anafanya kama alivyoagizwa.

"Mtoto haandiki kitu," alisema Tai Nyekundu. "Anacheza tu, na huku anajifunza kufikiri."

"Kabla ya huyo kuku alikuwa anafikiri kwa kutumia nini?" Mwalimu aliuliza.

Walimu wenzake walicheka mpaka chai ikawamwagikia. Tai Nyekundu naye akacheka, kicheko cha mtu aliyefundishwa kucheka na wateja, akasema swali ni zuri sana, mama, akaendelea bila kulijibu. Akaacha toleo la majaribio la siku thelathini. Wanyama wengine wote walikuwa na kufuli dogo la njano ubavuni, na baadhi ya matofali vilevile. Shule ikinunua, alisema, makufuli yatafunguka yenyewe.

Shule haikununua. Mkuu wa shule alikuwa mtu wa kupiga chuku. Alishawaambia wazazi, bodi na kila mgeni aliyepotea njia akaingia getini kwamba wanafunzi wake wanatengeneza katuni kwa kompyuta. Siku thelathini zilipokwisha, kuku alikunja mabawa, akakaa chini, na juu yake yakatokea maneno: muda wako wa majaribio umekwisha. Mkuu akamwita Mwalimu ofisini, akamwambia kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Fanya utundu wako, Mwalimu. Wageni wanakuja Alhamisi."

Utundu ulijileta wenyewe. Mashine moja, ile ya karibu na mlango, betri yake ya saa ilikuwa imekufa, na kila ikizimwa ilisahau siku, ikarudi kwenye tarehe za zamani. Kumi na moja zilikuwa na kuku waliokaa chini. Hii moja kuku wake alikuwa anatembea kama kawaida, hana habari. Mwalimu aliitazama, akatazama nyingine, akaelewa, akacheka peke yake mpaka akashika meza. Kampuni nzima, na wahandisi wake wote, na kumbe kuku hajui leo ni lini mpaka aambiwe. Alichagua tarehe tisa kwa kuwa ilikuwa siku ya pili tangu kuku aingie shuleni. Tangu aanze kuzirudisha nyuma ni miezi sita na ushei sasa.

Watoto walijua. Walikiita chumba cha tarehe tisa, na waliokuwa na siku ya kuzaliwa waliomba waje wasomee humo ili wasikue. Mwalimu aliwaacha waseme. Hakuwahi kusomea hayo mambo ya matofali. Miaka kumi na minane alifundisha kupiga taipu, vidole kumi, macho kwenye karatasi, na mashine za taipu zilipotupwa alipelekwa kwenye mafunzo ya wiki mbili, akarudi akiitwa Mwalimu wa kompyuta. Alikuwa mwerevu kuliko aliyemfundisha, na alilijua hilo, na kujua hilo kulimharibu. Mtoto alipomuuliza yale matofali yenye kufuli ni ya kazi gani, hasa lile kubwa la kijivu lililoandikwa Rudia, hakusema hajui. Alisema, "Hayo ni ya wavivu. Ninyi si wavivu." Watoto wakaamini.

Aliyeamini kuliko wote ni Chiriku. Jina hilo alipewa kwa utani, maana chiriku ni ndege wa makelele, na msichana huyu wa miaka kumi na miwili angeweza kukaa tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho bila kutoa neno ambalo hakulazimika kulitoa. Alilelewa na shangazi yake, dobi, kwenye chumba kimoja chenye meza ya kupigia pasi, na mwaka huu ulikuwa wake wa mwisho katika shule ya msingi. Shangazi alishamwambia Mwalimu waziwazi, bila chuki, kwamba baada ya hapo hakuna shule tena. Kuna pasi ya pili, na pasi inahitaji mkono.

Ndiyo sababu shindano lilipotangazwa, tarehe mosi mwezi wa sita, Mwalimu alilitupia macho mara mbili. Kampuni ya kuku ilitaka katuni za watoto. Mshindi angepata nafasi ya kusoma bwenini, shule ya sayansi, tangu kidato cha kwanza mpaka cha mwisho. Mwalimu alijua vizuri kwamba lile lilikuwa tangazo la biashara lililovishwa nguo za huruma. Lakini nafasi ilikuwa nafasi. Alimwita Chiriku, akamwonyesha karatasi, akasema, "Soma hapa chini." Msichana akasoma. Kuanzia siku hiyo alikuwa wa kwanza kuingia na wa mwisho kufukuzwa.

Alitengeneza kuku anayepiga pasi. Mashati kumi na manne kwenye kikapu, meza, ukuta mtupu, hayo tu. Kuku anachukua shati, analikung'uta, analitandika, anaanza na kola. Pasi inakwenda mbele, inarudi, inasimama kidogo kwenye kifungo, inazunguka. Kila mwendo ulikuwa tofali, na kila tofali Chiriku alilipachika kwa mkono wake. Mbele, ngoja, nyuma, ngoja, mbele. Mwalimu alipita nyuma yake siku moja akaona mnara wa matofali umeteremka skrini baada ya skrini kama ngazi isiyo na mwisho, akamuuliza kama hachoki. Chiriku akatikisa kichwa. Akasema, "Mimi si mvivu, Mwalimu."

Kazi ilipelekwa kwa flashi mwishoni mwa mwezi wa nane. Barua ikaja katikati ya mwezi wa tisa.

Mkuu aliisoma kwa sauti akiwa amesimama, jambo ambalo hulifanya kwa barua mbaya tu. Kazi ya mwanafunzi imeondolewa. Faili linaonyesha ilianzwa na kumalizwa tarehe tisa mwezi wa pili, karibu miezi minne kabla ya shindano kutangazwa, na yote kwa siku moja, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo imenakiliwa kutoka kwa mtu mwingine. Mwanafunzi hataruhusiwa kushiriki tena. Anayepinga afike mbele ya jopo tarehe ishirini na tatu, saa nne asubuhi.

Mwalimu alikaa bila kuambiwa akae. Kila asubuhi kwa miezi sita alikuwa amewacheka watu wa kampuni, na muda wote huo alikuwa anamwandikia mtoto wa watu hati ya wizi, kwa mkono wake mwenyewe, tarehe baada ya tarehe. Hakuna hata siku moja aliyoliwaza hilo. Mwerevu.

"Tuache lipite," alisema Mkuu. "Mtoto ni mtoto, atasahau."

"Ameandikwa mwizi."

"Ameandikwa na kampuni, si na serikali. Sasa wewe ukienda kule utasema nini? Utasema shule yangu imekuwa ikirudisha saa nyuma?"

"Nitasema mimi ndiye niliyerudisha."

"Na nani alikutuma?"

 Mwalimu alikuwa amezoea kumdharau Mkuu kwa mambo madogo, kwa hotuba zake na kalamu nne mfukoni. Hili lilikuwa kubwa, na akashangaa kuona kwamba dharau yake haikuongezeka, kwa kuwa yeye mwenyewe, tangu barua isomwe, alikuwa anatafuta njia ya kumwokoa mtoto bila kufungua mdomo. Alikuwa ameshafikiria kusema kompyuta iliharibika. Alikuwa ameshafikiria virusi.

"Hakuna aliyenituma," alisema.

"Basi nenda ukijua umekwenda kwa miguu yako," alisema Mkuu, akajitia anatafuta kitu kwenye droo.

Shangazi naye alikuwa mfupi wa maneno. Aliisikiliza habari yote pasi ikiwa mkononi, akaisimamisha ili isiunguze, akauliza, "Kwa hiyo mtoto hakuiba."

"Hakuiba, dada. Kosa ni langu."

"Basi kalisemeni," alisema shangazi, akaendelea na shati.

Walikwenda wawili. Ofisi za kampuni zilikuwa ghorofa ya tatu, na kwenye kuta kuku mwenye kofia alikuwa amebandikwa kila mahali, anaruka, anasoma, anapunga bawa. Mapokezi walipewa vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Mwalimu aliona mkono wa Chiriku unatafuta mfuko wa gauni lake la shule ili upate pa kukaa.

Jopo lilikuwa watu watatu nyuma ya meza ya kioo. Katikati alikaa mhandisi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Kulia kwake bwana mnene ambaye hakusema neno tangu mwanzo mpaka mwisho na inawezekana alikuwa amelala. Kushoto, tai ileile, au ndugu yake. Chiriku aliwaamkia shikamoo, mara moja kwa wote. Aliyeitikia ni mhandisi.

"Mwalimu," alisema mhandisi, "faili linasema mtoto alianza saa tatu asubuhi akamaliza saa nne na nusu. Matofali elfu tatu mia moja na arobaini. Hata mimi siwezi."

"Hakuna anayeweza," alisema Mwalimu. "Imemchukua karibu miezi mitatu. Saa ndiyo iliyosema uongo, na mimi ndiye niliyeifundisha." Akaeleza yote, kuku waliokaa chini, betri iliyokufa, nusu saa ya kila asubuhi. Mkuu hakumtaja. Alitaka kusema kwa kichwa juu, kwa ile sauti yake ya chumba cha walimu, lakini maneno yalitoka moja moja, makavu.

Tai Nyekundu aliegemea kiti. Alikuwa amesubiri hili tangu swali la kuku. "Kwa hiyo mmekuwa mkituibia," alisema.

"Ndiyo. Mimi, si yeye."

"Miezi sita."

"Na ushei."

"Na leo unakuja hapa kutuomba."

"Ndiyo, nakuomba," alisema Mwalimu. Neno hilo hakuwahi kumwambia mtu mwenye viatu vya namna ile.

Mhandisi hakuwa anawasikiliza tena. Alikuwa ameifungua katuni. Kuku alichukua shati la kwanza, akalikung'uta. Wote wakatazama, hata aliyelala alifumbua jicho. Pasi ilipanda kola polepole, ikashuka mkono wa shati kwa haraka, ikakwepa vifungo. Kufika shati la kumi kuku alianza kusimama katikati, kidogo tu, bawa likiwa kiunoni, kisha akaendelea. La kumi na nne alilipiga pasi kama mtu anayefikiria chakula.

"Hii ni nzuri," alisema mhandisi. "Lakini nieleze wewe mwenyewe, binti. Pasi inakwenda na kurudi mara mia kadhaa. Kwa nini umepachika kila mwendo? Kwa nini hukutumia Rudia?"

Chiriku alimtazama Mwalimu kwanza. "Lina kufuli," alisema.

"Kufuli?"

"Na Mwalimu alisema ni la wavivu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtoto anavyotaja jibu aliloandika daftarini. Mwalimu akahisi uso unawaka mpaka masikioni, na kwa mara ya kwanza tangu aingie alitamani bwana mnene arudi kulala na wengine wamfuate.

Mhandisi alivua miwani, akamgeukia Tai Nyekundu. "Mliwafungia watoto Rudia?"

"Katika toleo la majaribio, mama. Ni mkakati. Wakilikosa, shule inanunua."

"Hiyo ni kufundisha hesabu na kuficha kuzidisha. Nani aliamua?"

 Mwalimu alimwona Tai Nyekundu anavyopungua kwenye kiti, na siku nyingine angekwenda nyumbani na picha ile akailia chakula. Lakini alikuwa amesikia neno kuzidisha. Hakujua. Miezi yote ile alikuwa amesimama mbele ya watoto na hakujua kwamba lile tofali la kijivu lilikuwa ndio moyo wa somo lenyewe. Alilitukana kwa kuwa lilikuwa na kufuli, na kufuli lilimwonyesha kwamba kuna kitu asichokijua. Mwenzake alilificha kwa biashara, yeye akalificha kwa majivuno, na katikati mtoto alijenga ukuta kwa kijiko.

Mhandisi alimketisha Chiriku mbele ya kompyuta yake. Hapo hapakuwa na makufuli. "Lichukue," alisema. "Weka ndani yake mwendo mmoja wa pasi, andika namba, bonyeza. Sisi tutanyamaza."

Chiriku aliliburuta tofali la kijivu mpaka katikati. Aliweka mbele, ngoja, nyuma, ngoja. Aliandika ishirini, akabonyeza, na pasi ikaenda ikarudi, ikaenda ikarudi, yenyewe, huku mikono yake imelala mapajani. Alitazama mpaka mwisho. Akafuta, akaandika mia mbili. Akatazama tena, si kwa furaha. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyebeba maji kwa kichwa mwaka mzima akaonyeshwa bomba nyuma ya nyumba.

Aligeuza kiti. "Si la wavivu," alimwambia Mwalimu.

Mwalimu aliitambua sauti ile. Ilikuwa yake. Ile ya kuuliza kuku anafikiri kwa kutumia nini, tulivu, imenyooka, isiyohitaji jibu. Mtoto alikuwa ameijifunza kutoka kwake pamoja na mengine, na alikuwa na haki nayo kuliko Mwalimu alivyowahi kuwa.

"Si la wavivu," alisema Mwalimu. "Sikujua, mwanangu. Nilikudanganya kwa kuwa sikujua."

Chiriku alifikiria hilo. Kisha akairudia skrini, akafanya kazi robo saa bila kumuuliza mtu. Mikono ya mashati na migongo aliifupisha yote kwa Rudia. Kola hakuzigusa. Mhandisi alimuuliza mbona kwenye kola hakuliweka.

"Kola hazifanani," alisema Chiriku. "Na kuanzia la kumi shangazi anachoka. Nikiweka Rudia, hatachoka."

Mhandisi alirudisha miwani machoni. Halafu akavuta barua iliyokuwa mbele yake, akaikata kwa mistari miwili. Jina la mtoto linarudi, alisema, pale pale lilipokuwa kabla halijaondolewa, na lilikuwa la kwanza. Shule ya bweni ataripoti mwezi wa kwanza. Aje na mlezi wake kujaza fomu.

Tai Nyekundu alipata sauti. Kampuni, alisema, haiwezi kuliacha lile la saa hivi hivi. Mashine zote zitafutwa programu, shule itaandikiwa, na Mwalimu atatia saini kwamba alitumia toleo la majaribio kinyume cha masharti, kwa hiari yake, bila kutumwa. Mwalimu alijua barua hiyo ikimfikia Mkuu itamrudia yeye ikiwa barua ya kuachishwa kazi, na Mkuu ataisoma kwa sauti, amesimama. Hata hivyo akamwambia Tai Nyekundu alete hiyo karatasi.

Aliisoma yote, maana hajawahi kutia saini asichosoma. Akaandika jina, akatia saini, na kwenye mstari wa mwisho, mkono wake ukijiendea wenyewe kama ulivyozoea mashine kumi na mbili kila asubuhi, akaandika tarehe tisa mwezi wa pili.

Hakuona. Tai Nyekundu aliona, akafungua mdomo. Chiriku alimtangulia. Aliinuka, akaja upande wa pili wa meza, akaichukua kalamu kutoka vidoleni mwa Mwalimu, akaikata ile tarehe kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake ishirini na tatu, mwezi wa tisa. Kisha akamrudishia kalamu yake, akaenda kusimama mlangoni kumsubiri.